Kibao cha dame katikati ya nyumba

Ndugu musomaji, leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wanaona ni cha watoto tu, ao cha wazee waliokosa kazi: kucheza dame, ludo na kisolo mu nyumba, baba, mama na watoto pamoja. Usigeuze ukurasa haraka. Mambo haya yanagusa nyumba yako kuliko unavyofikiri.

Angalia kwanza namna tunaishi katika miji yetu ya migodi. Baba anafanya posti: wiki hii anaenda asubuhi, wiki ingine anaenda usiku, na muchana watoto wanaambiwa, "Munyamaze, baba analala." Wengine wanafanya kazi mbali, wanabaki kule ku kampi siku nyingi, kisha wanarudia nyumbani siku chache tu, wakiwa na usingizi mu macho. Mama yuko ku soko tangu asubuhi. Mangaribi, wakati wote wanakutana, kama kura iko, televizyo inaongea peke yake; kama kura haiko, kila mutu anainamia telefone yake mpaka batri inakwisha. Watu sita mu chumba kimoja, na hakuna anayejua mwenzake ameshinda namna gani.

Wakubwa wetu watakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi karibu 10 000 wa Gécamines waliacha kazi kwa ule mupango ulioitwa "départ volontaire". Kampani hiyo, na Union Minière mbele yake tangu 1906, ilizoea kupanga karibu maisha yote ya mufanyakazi: nyumba, posho, masomo, hospitali. Nilikuwa kijana, lakini niliona. Wababa wengi walijikuta wamekaa mu kiti mbele ya watoto wao wenyewe na hawana neno la kuwaambia. Miaka makumi mbili walikuwa wameongea nao kwa njia ya posho, na sasa posho imekatika. Leo kampani ni zingine, lakini hatari ni ile ile. Mutoto anajua siku ya mushahara wa baba kuliko anavyojua baba.

Sasa, kibao cha dame kinaweza kufanya nini hapo? Kinaweka watu wawili uso kwa uso, lakini macho yao iko ku kibao. Wewe baba, ukimuita kijana wako, "Kuja hapa, kaa, tuongee," yeye anajua tayari ni hukumu. Atajibu "ndiyo baba" na "hapana baba", basi. Lakini mu muchezo, mikono iko na kazi, kunyamaza hakuleti haya, na neno gumu linaweza kutoka bila mutu kuangaliwa.

Kuna jamaa moja ninayoitembelea. Baba alikuwa anarudia kutoka mugodini na kumukuta mutoto wake wa miaka kumi na tatu amefunga kinywa kama mulango. Wakaanza kucheza dame kila mangaribi. Siku ya ine ao ya tano, kijana akiwa anatafuta njia ya kupitisha kifuniko chake, akasema polepole, "Baba, mie siendeke tena ku masomo." Alikuwa anaenda na wenzake kuokota mawe ya kuuzisha na kuyaosha mu mutoni. Baba hakuinuka. Alisukuma kifuniko chake, akauliza, "Tangu siku ngapi?" Kijana akasema, "Tangu Paska." Wakaendelea kucheza mpaka mwisho, na mbele ya kulala mambo yote yalikuwa wazi: makuta ya masomo yalikosekana siku baba alikuwa kazini, mutoto alifukuzwa, akaona haya kumuambia mama. Unajua wewe mwenyewe watoto wangapi wamefunikwa na udongo mu mashimo yetu. Yule alirudia ku masomo mwezi uliofuata, na deni ililipwa kidogo kidogo.

Kibao si cha bei. Twaa ubao ao kartoni, chora mistari upate vyumba kumi kwa kumi, paka rangi nyeusi kimoja, acha kimoja. Kila mutu anakuwa na vifuniko makumi mbili vya chupa. Mumoja anavigeuza juu, mwingine chini. (Mimi muchungaji siulize chupa zenyewe zilitoka wapi.) Na wale wanaosema dame ni ya watu wavivu, wajue kwamba Baba Sy wa Senegali alicheza dame mpaka mwaka 1986, kisha kufa kwake, akahesabiwa bingwa wa dunia kwa mwaka wa 1963.

Kitu kimoja nakuomba: usijiachilie kushindwa ili mutoto afurahi. Watoto hawako wapumbavu, wataona. Afazali utoe vifuniko vyako vitatu ao vine tangu mwanzo, mbele ya macho yake, kisha ucheze kwa nguvu zako zote. Mu dame, ukipata nafasi ya kula unalazimishwa kula, hata kama ni mutego. Siku mutoto atakutegea, ule, kisha akule vifuniko vitatu kwa mara moja, cheka naye. Baba anayepindua kibao juu ameshindwa, watoto wake hawatamuambia kitu kingine tena.

Ludo ni mambo mengine. Kule wanatupa de, kile kijiwe chenye alama moja mpaka sita, na kadogo ka miaka sita kanaweza kumupiga mukubwa wake wa universite. Ndugu wengine wananiambia, "Muchungaji, de ni kitu cha Shetani." Mimi nasema hapana. Mitume walipiga kura ili kumuchagua Matia, na Matendo hayawahukumu. Kinachoharibu ni makuta. Pale ku kona ya avenue, vijana wanaweka franka chini ya kibao, na mushahara wa wiki unakwisha mbele ya jua kushuka. Mu nyumba, usiweke hata franka mia. Anayeshindwa ataosha masahani, inatosha.

Kisolo, na safu zake ine za mashimo, muwaachie watoto wafundishwe na babu ao nkambo. Chimba mashimo mu udongo, tafuta mbegu ao vijiwe. Muzee ambaye hasikilizwe tena mu nyumba, siku hiyo wajukuu watamuzunguka, na atahesabu mbegu kwa luga ya kwao ambayo watoto wa muji wanaanza kuisahau.

Na mama? Hapo ndipo tunakosa sana. Baba na watoto wanacheza, mama anafunga bukari na kuosha vyungu. Wavulana waoshe, maji haiui mutu. Kuna nyumba moja kule kampini ambamo mama anacheza ludo na mutoto mu mugongo. Bwana yake aliniambia hajamupiga hata mara moja tangu Noeli.