Orodha ya dhambi ya mtoto wa Komunyo ya Kwanza

Siku za Juma Kuu foleni ya maungamo katika parokia nyingi za mjini huanzia ndani ya kanisa na kutokeza hadi uwanjani. Humo wamo akina baba ambao mara ya mwisho kusimama hapo ilikuwa Juma Kuu la mwaka jana. Wamekuja kutimiza amri ya Kanisa, na kwa hilo wanastahili pongezi, maana wapo ambao hata foleni yenyewe hawaijui. Lakini anayepiga magoti mara moja kwa mwaka hukutana na shida isiyosemwa sana: hajui aseme nini.

Basi husema aliyofundishwa na katekista. Nimesema uongo. Nimetukana. Nimekasirika. Sikusali asubuhi na jioni. Ni orodha nzuri kwa mtoto wa miaka 9 anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Ila anayeisema ana miaka 45, ana mke, watoto wanne na pikipiki mbili alizowapa vijana wamfanyie biashara. Mwili umekua, majukumu yamekua, na dhambi nazo zimekua. Orodha ndiyo iliyobaki utotoni.

Yasiyotajwa ndiyo yanayoiumiza nyumba. Kumnunia mke siku tatu kwa sababu ya mboga iliyozidi chumvi, huku moyoni akijua hasira ilitoka kazini. Ada iliyoambiwa watoto kuwa bado haijapatikana, kumbe ilipatikana ikaishia kwingine. Mama mzazi kijijini ambaye simu yake hupokelewa ikishaita mara ya tano. Mtoto mmoja kulinganishwa na mwenzake mbele ya wageni. Akina mama nao wana yao: kumsema baba mbele ya watoto wake, au siri ya jirani iliyofika kwenye kikao cha vikoba kabla jirani hajamaliza kulia. Mengi ya haya hayaitwi dhambi kabisa. Huitwa "mimi ndivyo nilivyo". Na mengine ni mazito kuliko wenyewe wanavyodhani, kama mshahara wa msichana wa kazi unaozuiwa miezi miwili kwa maneno ya "vumilia kidogo".

Hapa ifaa kusema sawasawa Kanisa linadai nini. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliweka wajibu wa kuungama walau mara moja kwa mwaka, na Sheria ya Kanisa ya sasa, kanuni ya 989, inaudumisha kwa ajili ya dhambi za mauti. Aliye na dhambi ya mauti hashauriwi kungoja Pasaka. Dhambi nyepesi mtu halazimiki kuziungama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1458, inahimiza kwa mkazo tu. Sababu mojawapo inayotolewa ni kwamba maungamo ya mara kwa mara husaidia kuilea dhamiri. Kulea ni kazi ambayo kila mzazi anaijua. Hakuna mtoto aliyelelewa na mtu anayemtembelea siku moja kwa mwaka.

Anayeungama kila mwezi ana jambo dogo tu la kukumbuka: tangu Jumamosi ile mpaka leo. Kwa hiyo "nimekasirika" hugeuka kuwa "nimemfokea mwanangu mkubwa mara mbili, wala hakuwa na kosa". Sentensi hii ya pili inamrudisha mtu nyumbani akiwa na kazi, kwani ondoleo la padre halimwondolei wajibu wa kumwomba radhi aliyeumizwa. Katika nyumba ambako imezoeleka kuwa baba haombi radhi kwa mtoto, hiyo si kazi nyepesi. Pengine ni nzito kuliko malipizi yoyote ya Salamu Maria.

Wengine husema: mbona kila mwezi ni dhambi zilezile? Mtoto mmoja alimwuliza Papa Benedikto wa 16 karibu swali hilo, tarehe 15 Oktoba 2005, katika uwanja wa Mtakatifu Petro mbele ya watoto waliopokea Komunyo ya Kwanza. Papa alikubali kwamba dhambi zetu huwa ni zilezile, kisha akakumbusha kuwa vyumba navyo husafishwa kila wiki ingawa uchafu ni uleule. Mama yeyote mwenye ufagio anamwelewa. Naye Papa Fransisko alisema mwaka 2013 kwamba hata Papa huungama kila baada ya wiki mbili.

Hofu nyingine ni sauti. Mwenyekiti wa jumuiya au mwalimu wa kwaya anajua kwamba paroko akimsikia tu amemtambua. Kwanza, padre hawezi kufichua kilichoungamwa kwa neno wala kwa namna yoyote (kanuni ya 983), na hata kama hakuna hatari ya kufichuka, haruhusiwi kukitumia kumdhuru aliyeungama. Cheo cha jumuiya hakinyang'anywi kwa yaliyosemwa humo. Pili, muumini yuko huru kumwendea padre mwingine yeyote aliye na ruhusa ya kuungamisha. Parokia ya jirani ipo, nauli ni ndogo.

Lawama zote zisiwaangukie walei. Kwenye vigango padre hufika na pikipiki dakika kumi kabla ya Misa, na watu thelathini wanamngoja. Kwa mwendo huo hakuna atakayevuka ile orodha ya utotoni. Kanuni ya 986 inawataka wachungaji wapange siku na saa za maungamo zinazowafaa waamini. Halmashauri ya walei ina haki ya kuomba saa hiyo itangazwe, kama inavyoombea michango. Ikishatangazwa, watu waende, kwa sababu padre akikaa peke yake kwenye kitubio Jumamosi tatu mfululizo, ya nne atakuwa ofisini na hesabu za ujenzi wa ukumbi.