Pikipiki Iliyoanguka: Fundisho kwa Mwalimu wa Sayansi

Wako walimu wanafunzi wanaodhani kwamba zana za kufundishia sayansi hupatikana katika maabara tu. Safari zetu za kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, kati ya Musoma, Bunda na Butiama, zimetuonyesha vingine. Nje ya shule nyingi tulizozitembelea imesimama zana kubwa, nayo ni pikipiki. Ndiyo imletayo mwalimu kazini, na ndiyo iwapatiayo wazazi wengi riziki. Injini ya baba ikifa, daftari na sare za mtoto husubiri.

Barabara kuu itokayo Mwanza hupita Bunda kuelekea Musoma, na huko Makutano huchepuka njia iendayo Butiama. Vijia vya vijijini huteleza sana wakati wa mvua, na pikipiki kulala ubavu ni jambo la kawaida. Siku moja tulimwona kijana akiangusha chombo chake karibu na lango la shule. Hakuumia. Pikipiki ililala dakika kadhaa, koki ya petroli ikiwa wazi, huku wenziwe wakimpangusa matope. Alipoiinua akapiga kiki, kiki ikagoma. Wenziwe wakamsukuma mteremkoni, naye akaachia klachi. Ndani kukasikika kishindo kimoja, kisha kimya. Fundi alipofungua injini alikuta mkono wa pistoni umepinda. Kuanguka kulikuwa kumevunja kioo cha pembeni tu. Injini iliharibiwa na haraka ya kuiwasha.

Sababu yake ni sayansi tupu. Pikipiki inapolala, petroli huweza kutoka katika kabureta na kuingia ndani ya silinda. Oili nayo huweza kupita katika bomba la kupumulia na kufika kwenye chujio la hewa. Pistoni imeumbwa kusindika hewa. Ikikutana na kimiminiko kilichojaa juu yake haiwezi kukisindika, na kilicho dhaifu hakina budi kupinda. Aidha, injini ikiendelea kunguruma ikiwa imelala, pampu huweza kuvuta hewa badala ya oili, na vyuma vikasagana vikavu.

Je, mwanafunzi wa shule ya msingi ataelewaje haya? Chukua bomba jipya la sindano lisilo na sindano. Vuta hewa, ziba tundu kwa kidole, kisha mwambie mtoto asukume: litasukumika. Sasa vuta maji na urudie: halitasogea. Usiwaambie jibu. Waache wabishane, kisha uwaulize, 'Kama bomba hili lingekuwa silinda, nini kingetokea kwa mtu anayelazimisha kiki?' Mwanachuo mmoja alifanya hivyo, na darasa lililokuwa limesinzia likaamka, kwani kila mtoto alikuwa na baba, kaka au jirani mwenye pikipiki.

Baada ya hapo wanafunzi wataweza kupanga wenyewe hatua za kufuata, wakitaja sababu ya kila hatua. Kwanza, zima swichi na ufunge koki. Pili, simamisha pikipiki mahali pa tambarare, mbali na moto, na usubiri petroli iliyomwagika ikauke. Tatu, kagua kama mfuniko wa injini umepasuka, pima oili, na utazame chujio la hewa. Nne, kiki ikigoma usiilazimishe: fundi afungue plagi, swichi ikiwa imezimwa, azungushe injini polepole ili kimiminiko kitoke, naye asiinamie tundu hilo. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Ile inayonuka petroli imechanganyika nayo. Zote mbili zibadilishwe. Mwisho, hakikisha kwamba mkono wa mafuta unarudi wenyewe na kwamba breki zinashika, ndipo uwashe. Ikigonga ndani, izime mara moja.

Kinga nayo ifundishwe. Stendi isimamishwe juu ya jiwe bapa au kipande cha ubao udongo unapokuwa laini. Mzigo usiegemee upande mmoja. Na vyuma vya kukinga injini vifungwe imara, kwa kuwa hivyo hupokea pigo kabla ya mfuniko.

Hata hivyo, mwalimu asilete petroli darasani, wala asiwaruhusu watoto kugusa injini yenye moto au kuiwasha. Bomba la sindano na maji vyatosha.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi. Katika vijiji vya Mara leo, pikipiki ni sehemu ya maisha hayo. Mtoto aliyejifunza kuuliza sababu kabla ya kupiga kiki ataokoa injini ya baba yake, na kesho ataitumia tabia hiyo hiyo shambani, ziwani na kazini. Nendeni mkafundishe hivyo.