Mkono Ubaki

Picha ya kwanza niliyompiga Bosi ilitoka kama kipande cha mkaa chenye taa mbili za kijani. Ilikuwa saa moja jioni, Kibosho, ukungu umeshashuka hadi kwenye migomba, nami niliwasha flashi nikidhani ndiyo dawa ya giza. Mchoraji niliyeelewana naye Moshi mjini alijibu kwa ujumbe wa sauti huku akicheka: "Dada, huyu ni mbwa au pikipiki inakuja?"

Bosi alikuwa mbwa wa Babu. Babu alipofariki, tulipekua kabati, makoti na Biblia tukitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Tulipata moja tu, ya harusi ya mtu, Babu amesimama katikati ya kundi. Studio wakamkata na kumkuza. Uso ukawa na ukungu, na kwenye bega lake la kushoto vikabaki vidole vinne vya mtu aliyekuwa amemshika. Picha hiyo inaning'inia sebuleni mpaka leo. Hakuna anayekumbuka vidole ni vya nani.

Kwa hiyo niliporudi likizo nikakuta Bosi ana mvi mdomoni, na bodaboda zikipita hainuki tena, niliamua kwamba safari hii hatutachelewa. Nikamwambia Bibi nataka Bosi achorwe.

"Mbwa?"

"Ndiyo, Bibi."

Akaendelea kumenya ndizi za mtori. "Babu yako hana picha. Mbwa ndiyo atachorwa."

Sikuwa na jibu.

Mchoraji wangu anaishi kwa kuwauzia wapanda mlima tembo na twiga, kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, wa rangi za kung'aa zilizopakwa kwenye hadibodi. Nilidhani mtu wa namna hiyo hahitaji picha. "Tembo namchora nimefumba macho," aliniambia. "Mteja hamjui yule tembo, na mimi simjui. Lakini huyu mbwa kuna mtu anamjua. Nikikosea, ataona." Akanipa masharti: nipige mchana, bila flashi, macho yote mawili yaonekane, na manyoya yaonekane ni manyoya.

Flashi niliielewa haraka. Nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga ili aone usiku. Ukimmulika usoni, unarudishiwa mwanga wako mwenyewe. Shida kubwa ilikuwa kihamba chetu. Migomba juu, kahawa chini, na mwanga unaofika ardhini umeshapita kwenye majani. Nilimpiga Bosi chini ya mgomba, akatoka na kijani mgongoni kama mtu aliyeota ukungu wa mkate. Saa sita jua lilipopenya, akajaa madoadoa kama chui.

Halafu ni mweusi. Mbingu ikiwa nyuma yake, simu ilimgeuza kivuli. Nikimsogelea ajae kwenye kioo, simu iliona weusi mwingi, ikadhani kuna giza, ikaongeza mwanga mpaka akawa rangi ya majivu. Nilijifunza kugusa kioo pale kwenye manyoya, kisha kushusha mwanga kidogo kwa kidole. Mahali pazuri nilipapata ukingoni mwa paa la zizi la ng'ombe, mbele yake uwanja wazi, kama saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa mwepesi. Pale mwanga unatoka upande mmoja na hauchomi. Picha nilizituma kama faili, maana zikienda kawaida zinabanwa na manyoya yanageuka uji.

Lakini bado hakuwa Bosi. Nilikuwa nimesimama, nampiga kwa juu: kichwa kikubwa, miguu kama ya kuku. Nikatandika gunia, nikalala kifudifudi. Jirani aliyekuwa anapita na majani ya ng'ombe akauliza kama nimeanguka. Nikiwa karibu sana, pua ilivimba. Nikarudi nyuma hatua tatu na kuvuta kwa lenzi ya mbali.

Pale chini ndipo nilipoona jicho lake la kulia. Lilikuwa na wingu jeupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Kumbe kutoamka kwake bodaboda zikipita hakukuwa uvivu wala uzee tu. Kwetu mbwa ni mlinzi: usiku yuko kazini, mchana anapewa kiporo na anafukuzwa mlangoni. Nimekua na mbwa wanne na sikuwahi kumtazama hata mmoja nikiwa kwenye kimo chake.

Siku mbili nilimwita, nikampigia mluzi, nikainua mfupa. Alitazama mfupa huku udenda unamtoka. Siku ya tatu Bibi alitoka na kigoda chake, akaketi karibu na zizi, akakohoa kidogo kabla ya kusema, "Bosi." Babu ndivyo alivyokuwa anamwita, kikohozi kwanza, jina baadaye. Bosi akainuka. Masikio yakasimama, hata lile la kushoto lililochanika. Akaenda kukaa mbele yake, na Bibi akamwekea mkono shingoni.

"Bibi, toa mkono kidogo."

Akautoa. Masikio yakaanguka.

"Basi rudisha."

Nilipiga tisa.

Jioni mchoraji akajibu kwamba ile ya nne ndiyo yenyewe. Macho yana nuru, kifua kinaonekana, wingu la jicho atalichora kama lilivyo. "Mkono nautoa, siyo? Ni kazi ndogo, napitisha rangi juu yake."

Nilikuwa sebuleni, vile vidole vinne viko ukutani mbele yangu. Nikampelekea Bibi simu jikoni. Aliishika mbali na macho, akaikuza kwa kidole mpaka Bosi akatoka kwenye kioo, ukabaki mkono mtupu.

"Mwambie auache," akasema. "Na hiyo pete asiisahau."

Ni pete ya ndoa, imekonda upande mmoja. Nilikuwa sijaiona kwenye picha.

Kazi bado haijaisha. Jana mchoraji ameomba picha moja zaidi: mkono wenyewe, kwa karibu, mchana, bila flashi. Asubuhi hii Bibi ameunawa mara mbili, akaupaka mafuta, akanisubiri ukingoni mwa zizi saa tatu kamili, Bosi amelala miguuni kwake. Nikaupiga mkono. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu, nikampiga Bibi mzima.