Mkunguni, Uwanja wa Shauri Mjini Lamu

Boti ya kutoka Mokowe humshusha msafiri gatini, penye wachukuzi na punda, na baada ya hatua chache tu huwa amefika Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome iliyokamilika mwaka 1821. Wazee huketi hapo chini ya miti tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, na ni nadra habari ya mji kuwapita. Hapo ndipo viti vya plastiki na vipaza sauti hupangwa serikali inapokuja kuwauliza watu maoni.

Tumehudhuria mabaraza ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na jambo moja hutukera. Wanaoketi mbele ni wanaume, na wanaozungumzia usalama aghalabu ni wale wasiopita vichochoroni baada ya isha na mtoto mgonjwa begani.

Mwenye kutaka kuujua usalama wa Lamu na aondoke uwanjani, aingie Usita wa Mui, kisha akate kuelekea Mkomani. Njia ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Juu yake kuna wikio, yaani vyumba viunganishavyo nyumba za pande mbili, ambavyo zamani viliwawezesha mabibi kutembeleana bila ya kushuka njiani. Mchana chini ya wikio pana kivuli kizuri; usiku pana kiza kinene. Mama anayekwenda kumchukua bintiye chuoni anajua vijana wa unga hujificha wapi, taa gani imekufa tangu Ramadhani, na mfereji upi hauna kifuniko. Naye hakuulizwa.

Watu wa Lamu wanaijua gharama ya kuamuliwa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60, kafyu iliwekwa na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku. Hatukanushi kwamba hatari ilikuwapo. Lakini mke wa mvuvi ndiye aliyejua mapema kuliko afisa yeyote kwamba chungu hakitatelekwa.

Wanajua pia nguvu ya kudai kuulizwa. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara, ulifutiwa leseni tarehe 26 Juni 2019 na mahakama maalumu ya mazingira. Mikutano ilikuwa imefanywa, ila kabla ya ripoti ya athari kukamilika. Ripoti ilipotoka, wananchi hawakurudiwa ipasavyo. Ni kama mtu aombwe rai juu ya kitabu ambacho hakijaandikwa.

Ipo na elimu ndogo ambayo wengi wetu tunaikosa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka taa za barabarani, huduma za zimamoto na udhibiti wa dawa za kulevya mikononi mwa kaunti. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Mtu husimama Mkunguni akamlaumu afisa wa kaunti kwa mambo ya kituo cha polisi, dakika zake zikaisha, na taa ikabaki haikutajwa. Tena makadirio ya bajeti hupaswa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Aombaye taa mwezi wa Julai amechelewa.

Husemwa kwamba wanawake wenyewe hawataki kuja. Mkutano ukiitwa saa nne ya asubuhi, nani atakuwa jikoni? Kule Hudaibiya, Mtume (SAW) alilisikiliza shauri la Bi Ummu Salama (RA) wakati masahaba zaidi ya elfu moja walipotatizika, akalifuata. Sembuse taa ya kichochoroni!

Baraza na liitwe baada ya alasiri, katika ua wa chuo, na tangazo lisomwe kwa Kiswahili siku ya Ijumaa. Hata lisipoitwa, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa maandishi. Kina mama wa mtaa mmoja wanaweza kuziorodhesha taa zilizokufa, kichochoro kwa kichochoro, watie sahihi, na wabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.