Kompyuta ya Mwanafunzi: Niliyojifunza Baina ya Mkokoni na Kilifi



Kila mwaka watoto wetu wanapoitwa vyuoni, kina mama wa kwetu Mkokoni huniuliza swali moja: "Mwanangu, tumnunulie kompyuta gani?" Huniuliza mimi kwa kuwa nilikwenda chuo kikuu nikarudi na shahada, na kwa kuwa wanakumbuka namna kompyuta yangu ilivyopatikana. Leo nawajibu kwa maandishi, ili jibu liwafikie na walio mbali.

Mkokoni iko upande wa bara, ikitazamana na kisiwa cha Kiwayu, kando ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Riziki yetu imo baharini. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, kamba na samaki hupatikana, na nyumba huwa na pesa. Kusi ikivuma, vyombo vingi hukaa pwani. Nami niliitwa chuoni Kilifi mwezi wa Septemba, kusi ikielekea ukingoni na mifuko ikiwa mitupu.

Baba na mimi tulisafiri kwa mashua hadi Lamu. Katika duka moja tulioneshwa kompyuta mpya, nyembamba, inayong'aa. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya pesa alizokuwa nazo baba, lakini muuzaji akasema tungeweza kulipa kidogo kidogo. Moyoni nilishaihesabu kuwa yangu. Baba akaomba asomewe mkataba hadi mwisho. Huko mwisho paliandikwa kwamba mwezi ukipita bila malipo, deni lingeongezwa, na nyongeza hiyo ingeendelea kuzaa nyongeza nyingine. Baba akaurudisha mkataba kwa adabu. Tulipotoka akaniambia, "Mwanangu, sitakupeleka ukatafute elimu kwa riba." Nililia njia nzima. Leo naona haya kuyakumbuka machozi yale.

Usiku huo tulilala kwa mjomba, ndugu yake mama. Alikuwa ameweka akiba ya kutengenezea chombo chake kabla ya kaskazi. Aliposikia habari yetu, akatukopesha sehemu ya akiba hiyo bila nyongeza yoyote. Baba hakuridhika na maneno matupu, ingawa walikuwa mashemeji waliopendana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Basi kiasi kikaandikwa, muda ukaandikwa, na mashahidi wakatia saini. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kompyuta yangu ingenunuliwa kwa mbao na misumari ya chombo cha mtu.

Hata kwa mkopo huo, pesa zilitosha kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini. Jamaa yetu mmoja, mwalimu wa sekondari, alitusindikiza kwa muuzaji mwingine. Aliiwasha bila kuichomeka umeme, akaiacha ifanye kazi kwa nusu saa huku akitazama chaji inavyoshuka. Alifungua ukurasa mtupu akabonyeza kila herufi ya kibodi. Alijaribu kamera, sauti, intaneti na kila tundu la kuchomekea waya. Kisha akatazama mambo mawili ya ndani: kumbukumbu ya RAM ilikuwa gigabaiti 8, na diski ilikuwa ya SSD, gigabaiti 256. Alinieleza kwamba diski ya aina hiyo haina kitu kinachozunguka ndani yake. Kwa hiyo huwaka upesi na huvumilia mtikiso wa safari kuliko diski za zamani. Ile mpya iliyong'aa ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4, na hifadhi ya gigabaiti 64 tu!

Kwa anayenunua kompyuta iliyotumika sasa, naongeza swali moja: je, inakubali Windows 11? Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali toleo jipya.

Chuoni niliwakuta wenzangu wakipeana programu zilizovunjwa kufuli, ambazo wenyewe hawakulipwa haki yao. Sikutaka kuanza masomo kwa haki ya mtu. Nikaweka LibreOffice, ambayo wenyewe wameiruhusu itumike bure, na kazi zangu zote niliziandika kwa hiyo. Nilifurahi kujua kwamba programu iliyoitangulia, OpenOffice, ilitafsiriwa kwa Kiswahili katika mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004.

Likizo nilizokuwa nyumbani, niliichaji kwa sola wakati wa adhuhuri, jua likiwa kali, nikapunguza mwanga wa skrini usiku. Chumvi ya upepo hula vyuma vya matundu, kwa hiyo niliifunika kila nilipomaliza. Ndani ya mashua niliifunga kwa kitambaa, kisha kwa mfuko usiopitisha maji.

Ila siku moja sikufanya hivyo. Nilikuwa mwaka wa tatu, nikirejea kutoka kuwahoji wazee saba kuhusu namna walivyozisoma pepo na maji kabla ya kwenda kuvua. Nilifungua mfuko nitoe kitabu, nikauacha wazi. Wimbi moja likaingia. Fundi alijaribu, lakini diski haikufufuka, nami sikuwa na nakala mahali popote.

Niliazima mashine ya rafiki nikaanza upya. Wazee sita walinisimulia tena kwa subira, Allah awalipe kheri. Wa saba alikuwa amekwisha kurejea kwa Mola wake. Maneno yake niliyapewa kama amana, nami nikayapoteza kwa uzembe wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo kila kazi yangu ina nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika flashi anayonihifadhia mama, na moja katika hifadhi ya intaneti kila mtandao unapopatikana.

Deni la mjomba lilikuwa limelipwa zamani, katika kaskazi ya mwaka wangu wa kwanza, na karatasi ikachanwa mbele ya mashahidi walewale. Chombo chake kilichelewa kuingia baharini msimu huo, wala hakuwahi kunikumbusha.

Basi, mama zangu, mkiniuliza tena, jibu langu ni hili: someni mkataba hadi mwisho, tazameni kilichomo ndani kabla ya kinachong'aa nje, na mfundisheni mtoto kuweka nakala kabla hajapanda mashua. Na mwambieni pesa ile imetoka wapi, ili akiifungua kompyuta ajue ameshika amana ya nani.

Allah awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.