Msomi Naye Ahitaji Msaragambo

Huku kwetu Vudee, mfereji ukiziba hatumwachii mtu mmoja. Huitishwa msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu na jembe lake, hadi maji yafike mashambani. Mama mpendwa, binti asomaye sayansi naye ahitaji msaragambo.

Namfahamu mmoja wa usharika wetu, aliyesomea shahada ya pili katika Chuo cha Nelson Mandela, Arusha, akiwa na mtoto anyonyaye. Ukweni waliuliza, "Ana mume, asome tena ya nini?" Akaniambia ataacha.

Tulijigawia kazi akina mama watatu. Mmoja alikwenda kumlelea mtoto wakati wa mitihani. Mwingine, mzee wa busara, alizungumza na mama mkwe. Mimi muuguzi nilimfundisha kukamua maziwa katika chombo safi chenye kifuniko. Mahali pasipo na joto hukaa hadi saa 4 bila jokofu.

Lakini mambo ya maabara hatuyajui. Hapo alisaidiwa na mhadhiri mwanamke aliyekwisha kuipita njia hiyo. Mpango wa AWARD, ulioanzishwa Nairobi mwaka 2008, ulifuata njia hiyohiyo kwa wanawake watafiti wa kilimo Afrika: kila mmoja aliunganishwa na mtafiti mzoefu, naye akamwongoza aliye nyuma yake.

Binti yetu alimaliza. Je, wa jirani yako anaendeleaje? Nenda kamwulize wiki hii, tena umwulize anahitaji nini.