Soni, pikipiki ikakataa kunyamaza

Kama hujawahi kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo kwa pikipiki, ndugu msomaji, kona huzijui. Kilomita zipatazo 33, mlima huku, bonde kule. Juzi nilikuwa nateremka na kapikipiki kangu ka CC 125. Kabla ya Soni nikaachia mkono wa mafuta, lo, injini ndiyo kwanza inazidi kupiga kelele! Na kona hiyo hapo mbele. Nikabana klachi, nikazima swichi, nikashika breki zote mbili taratibu. Jasho likanitoka na baridi yote ile.

Nikaisukuma hadi Soni. Fundi akaangalia kwanza waya wa mafuta: unarudi vizuri. Akaiwasha, akamwagia maji kidogo mpira unaounganisha kabureta na injini. Mlio ukashuka palepale.

“Mzee, mpira umepasuka, unavuta hewa ya wizi. Hewa ikizidi, injini inapanda yenyewe.”

Kumbe wiki nzima nilikuwa nahangaika kulegeza skrubu ya kabureta bure!

Tukafunga mpira mpya, Mombo nikafika salama. Wenzangu wa milimani, mlio ukibadilika nendeni kwa fundi. Msingoje kona iwafundishe.